Kipimo cha depresio kwenye simu: namna ya kukijibu, kukisoma na kukifikisha kwa muganga hapa Bukavu

Mtu ambaye usingizi umemkimbia wiki nzima huchukua simu saa nane za usiku, akaandika swali lake kwenye Google, na ndani ya dakika tano akapata namba: 9, 14 au 22. Namba inamtisha au inamtuliza, simu inazimwa, na kulipokucha hakuna aliyeambiwa kitu. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kipimo cha maswali hakikutengenezwa ili mtu alale nacho chini ya mto. Kilitengenezwa ili mgonjwa na muganga wawe na mahali pa kuanzia maongezi. Mwongozo huu unafuata njia hiyo yote, toka kuchagua kipimo hadi kukaa mbele ya mtu atakayekusaidia. Na tukisema muganga tunasema kwa maana ya huku kwetu, yaani muuguzi au daktari wa hospitali.

Jambo moja linatangulia yote. Kama saa hii unawaza kujiua, na hasa kama umeshafikiria namna au siku, usianze kujibu maswali. Mwamshe mtu aliye karibu hata kama ni usiku: mume, mke, yaya (dada mkubwa), mama mwenye nyumba, jirani. Mwambie kwa maneno mafupi: "Ninaogopa nitajidhuru, usiniache peke yangu." Kisha muende pamoja hospitali iliyo karibu, upande wa dharura. Maswali yatasubiri.

Chagua kipimo chenye maswali tisa

Kwenye intaneti kuna vipimo vya kila aina, na vingi havina maana. Cha kutafuta kinaitwa PHQ-9. Kiliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, utafiti wake ukatangazwa mwaka 2001, na mtu yeyote anaruhusiwa kukitumia bila kulipa. Kipo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Utakitambua hivi: kina maswali 9, yote yanauliza juu ya wiki 2 zilizopita; kila swali lina majibu manne yanayohesabiwa 0, 1, 2 na 3; jumla haiwezi kupita 27. Mwishoni huwa kuna swali la kumi lisiloingia kwenye hesabu, linalouliza kama matatizo hayo yamekuzuia kufanya kazi, kutunza nyumba au kuelewana na watu.

Ukurasa ukikuuliza rangi unayoipenda au unachokiona kwenye picha, uache. Ukikuomba namba ya simu au pesa kabla ya kukuonyesha jibu, uache pia. Mara nyingi anayefanya hivyo anatafuta wa kuwauzia vidonge.

Lugha inaweza kukuchanganya. Fomu ya Tanzania itaandika "sonona", ya Kenya itaandika "unyogovu", na sisi huku tunasema depresio, au tunasema tu kwamba mtu ana mawazo mengi, ana roho nzito. Ni jambo lile lile. Wasomi wetu wengi hukimbilia fomu ya Kifaransa kwa kuwa ndicho cha shule, lakini ushauri wetu ni kujibu kwa lugha unayolilia. Mtu akisoma swali la huzuni kwa Kifaransa anajibu kama mwanafunzi kwenye mtihani, anatafuta jibu linalofaa.

Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita atafute kingine, kipimo cha Edinburgh, kilichotokea Scotland mwaka 1987. Kina maswali 10, kinauliza siku 7 zilizopita, na jumla yake ni 30. Kilitengenezwa kwa sababu vipimo vya kawaida vya depresio vinauliza uchovu na usingizi, na mama mwenye mtoto mchanga huchoka na hukosa usingizi hata akiwa mzima kabisa. Kwenye hicho cha Edinburgh, 10 inatosha kumpeleka mama kwa muganga, na 13 kwenda juu inahitaji haraka zaidi. Swali lake la mwisho ni la kujidhuru, na hilo halingoji jumla.

Tayarisha simu na dakika kumi

Simu zetu nyingi zinatumiwa na nyumba nzima. Fungua kivinjari kwa dirisha la siri, lile lisilohifadhi historia, na ulifunge ukimaliza. Usiandike jina, namba wala barua pepe. Ukurasa wa PHQ-9 ni maandishi tu na haumalizi mega, lakini mtandao ukikatika katikati unaweza kupoteza majibu yote, kwa hiyo weka karatasi na kalamu pembeni, uandike kila jibu kwa namba yake: swali la 1 = alama 2, la 2 = alama 3, na kuendelea. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa muganga. Usipige picha ya kioo ikaingia kwenye galari ambamo watoto wanatafuta video zao.

Jibu mchana ukiweza, ukiwa umekula na hujanywa pombe. Saa nane za usiku kila kitu kinaonekana kibaya kuliko kilivyo, na baada ya chupa mbili kila kitu kinaonekana chepesi.

Hesabu siku, usikisie

Hapa ndipo namba nyingi zinapopotoka. Majibu manne yameandikwa "hapana kabisa", "siku kadhaa", "zaidi ya nusu ya siku" na "karibu kila siku", na kila mtu ana maana yake ya "kadhaa". Tumia hesabu hii: siku 0 au 1 ni alama 0, siku 2 hadi 6 ni alama 1, siku 7 hadi 11 ni alama 2, siku 12 hadi 14 ni alama 3. Rudi nyuma Jumapili mbili. Kumbuka ibada ya Jumapili ile, siku ya soko, siku mvua kubwa iliponyesha, kisha ujiulize siku kwa siku.

Swali la 1 linauliza hamu: kukosa raha au mvuto wa kufanya mambo. Usijiulize kama unafanya kazi, maana huku mtu anafanya kazi hata akiwa amevunjika kabisa, watoto lazima wale. Jiulize juu ya yale uliyokuwa unayafanya kwa kupenda. Korali umeiacha? Kwenye likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, unatuma mchango kwa mkono wa jirani ili usikae na wenzako? Mpira unapita na hujali nani kashinda? Hizo ndizo siku za kuhesabu.

Swali la 2 ni la huzuni, kuvunjika moyo na kukata tamaa. Wanaume wengi huandika 0 hapa kwa sababu hawajalia. Kwa mwanaume huzuni mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira, kufokea watoto na kukaa kimya. Kipimo hakiulizi hasira, kwa hiyo ukijua kwamba hasira yako ya siku hizi si yako ya kawaida, iandike pembeni ya karatasi.

Swali la 3 ni usingizi: kushindwa kulala, kuamka katikati, au kulala kupita kiasi. Watu huuliza: kama nilikosa usingizi kwa sababu ya risasi usiku, nihesabu? Ndiyo. Swali linauliza kilichokupata, haliulizi sababu. Hesabu, kisha andika "risasi" pembeni. Halafu angalia jambo moja zaidi: usiku uliokuwa kimya, je, ulilala? Mtu anayelala vizuri usiku wa amani ana shida ya usalama. Anayekaa macho hata usiku wa amani, au anayeamka saa tisa kila siku asirudi tena usingizini, ana dalili ambayo muganga ataitilia uzito.

La 4 ni uchovu. Kubeba mzigo toka ziwani mpaka juu Kadutu kunamchosha kila mtu. Hesabu siku ambazo uliamka asubuhi ukiwa tayari umechoka kabla hujafanya kitu.

La 5 ndilo linalopotosha zaidi katika mji wenye njaa. Linauliza hamu ya kula. Kama chungu kilikuwa kitupu na ungepewa ungekula, hiyo ni 0, na andika pembeni kwamba chakula hakikuwepo, kwa sababu muganga anapaswa kujua hilo pia. Kama uliwekewa bugali na sambaza (samaki wadogo wa ziwa), ukamega mara mbili ukaisukuma sahani kwa watoto, hiyo ni siku ya kuhesabu. Kula kupita kiasi bila njaa nako kunahesabiwa.

La 6: kujiona hufai, umeshindwa, umeiaibisha familia. Baba aliyepoteza kazi au shamba atasema "lakini ni kweli, nimeshindwa." Hata hivyo hesabu. Ugonjwa huu hupenda kuvaa nguo ya ukweli.

La 7 linauliza kutuliza akili kwenye kusoma au kutazama televisheni. Badili kwa maisha yako: kufuata mahubiri hadi mwisho, kuhesabu chenji bila kukosea, kusikiliza habari za redio ukakumbuka zilichosema.

La 8 linauliza kama unatembea au kuongea polepole hadi watu wakaona, au kinyume chake, huwezi kutulia. Hili ni gumu kujibu peke yako. Muulize mtu mmoja wa nyumbani: "Wiki hizi unanionaje?"

La 9 linauliza mawazo kwamba heri ungekufa, au ya kujidhuru. Hapa tunaomba usijifiche. Wakristo wengi na Waislamu wengi hujibu 0 kwa kuwa kujiua ni dhambi na hawajawahi kulitaja neno hilo. Lakini ukisema moyoni "Mungu anichukue nipumzike", au ukitamani usiamke asubuhi, swali linakuhusu. Hesabu siku hizo. Halikuulizi imani yako, na kuwa na wazo hilo si kosa ulilotenda.

Jumlisha, kisha uitazame tena

Tuchukue mfano. Mama anauza sambaza sokoni Kadutu. Karatasi yake ina majibu haya kwa mpangilio wa maswali: 2, 2, 3, 2, 1, 1, 1, 0, 1. Jumla ni 13.

Madaraja ni haya. 0 hadi 4 ni kidogo sana. 5 hadi 9 ni hafifu. 10 hadi 14 ni ya wastani. 15 hadi 19 ni ya wastani inayoelekea ukali. 20 hadi 27 ni kali. Kwa jedwali hilo mama yetu ni wa wastani, na kurasa nyingi za intaneti zitamwambia hivyo na kuishia hapo.

Tazama tena. Kwanza, swali la 9 lina alama 1. Chochote kilichopita 0 pale kinataka aongee na mtu leo, jumla iwe 3 au iwe 23. Pili, kuna hesabu ya aina nyingine ambayo waganga huitumia: je, kuna maswali 5 au zaidi yenye alama 2 au 3, na mojawapo ni la 1 au la 2? Swali la 9 peke yake huhesabiwa hata likiwa na alama 1. Mama ana la 1, la 2, la 3, la 4 na la 9. Ni matano. Baba mwingine anaweza kuwa na 13 hiyo hiyo iliyotokana na usingizi, uchovu, chakula na akili kutotulia, huku la 1 na la 2 yakiwa na alama 1 tu na la 9 likiwa 0. Yeye huenda muganga akaanza na kipimo cha damu. Namba ni moja, lakini watu ni wawili na njia zao ni mbili. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi yenye majibu yote tisa, wala si jumla peke yake.

Kwa nini 10 ndiyo inayotajwa kama mpaka? Katika utafiti wa 2001, mpaka huo uliwanasa watu 88 kati ya kila 100 waliokuwa na depresio kamili kwa uchunguzi wa wataalamu. Kati ya kila 100 wasiokuwa nayo, 12 nao walifikisha 10. Kwa hiyo kipimo kinakosea pande zote mbili, na wale walikuwa wagonjwa wa Marekani, katika maisha tofauti na yetu. Ukipata 10 au zaidi, sema "natakiwa kuonwa na mtu". Usiseme "nimeshapewa ugonjwa". Na ukipata 7 huku swali la kumi linaonyesha kwamba huwezi tena kufungua duka lako, nenda vilevile.

Mambo ambayo simu haiyaoni

Mwili unaweza kutoa dalili zile zile. Malaria inayorudirudi, upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri: zote huleta uchovu, kukosa hamu na akili nzito. Dawa nazo zimo. Efavirenz ya VVU inaweza kuharibu usingizi na kuleta huzuni. Fenobabitali ya kifafa inaweza kumfanya mtu awe mzito na mwenye majonzi. Usiache dawa hizo kwa sababu ya kusoma hapa. Zitaje tu kwa muganga, zote, pamoja na za majani. Kunywa kasiksi (pombe ya ndizi) au pombe kali kila jioni ili ulale kunakupa saa tatu za usingizi mbovu, kisha huzuni asubuhi.

Msiba ni jambo jingine. Aliyemzika mtoto wiki tatu zilizopita atapata namba kubwa, na huenda hana ugonjwa, ana maombolezo. Kinachofanya muganga ashtuke ni pale mtu anapojiona hana thamani, anapotaka kufa, au miezi inapopita na hawezi kurudi kwenye maisha.

Kuna swali moja kubwa ambalo PHQ-9 hailiulizi kabisa: je, umewahi kuwa na siku nyingi mfululizo za furaha au hasira ya kupita kiasi, unalala saa mbili tu na huchoki, unatumia pesa ovyo, watu wanasema umekuwa mtu mwingine? Kama ndiyo, mwambie muganga kabla hajakuandikia dawa, kwa kuwa dawa za depresio zikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo zinaweza kumrusha tena huko juu.

Na waliopitia vita au kubakwa mara nyingi hubeba kitu cha pili pamoja na huzuni: ndoto za tukio lile lile, kushtuka kwa sauti ndogo, kukwepa njia fulani. Kipimo hiki kitaona nusu tu ya hapo. Kama ubakaji umetokea siku chache hizi, usingoje kupima huzuni. Fika hospitali kabla ya saa 72, maana dawa ya kuzuia VVU baada ya hapo haitolewi tena. Hapa Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 inapokea waathirika wa ukatili huo, mwili na roho.

Mtu wa kwanza kumwambia

Chagua mmoja, si ukoo mzima. Awe mtu anayeweza kutunza neno na anayeweza kukusindikiza. Wengi humchagua yaya au shangazi. Wengine pasta au padri. Maombi na matibabu havigombani, na mchungaji mzuri atakuombea kisha akupeleke hospitali. Lakini ukiambiwa uache dawa ili kuonyesha imani, au ufunge kula siku kadhaa wakati tayari huli, hapo muombe radhi kwa heshima na uende zako.

Kama wewe ndiye unayemwona ndugu anazama, usimwambie "jikaze" wala "wengine wana shida kuliko zako". Kaa naye pembeni, sema ulichokiona: "Yaya, wiki hizi naona hauli, na usiku nasikia unatembeatembea. Nina wasiwasi juu yako. Unawaza kufa?" Kumuuliza hivyo wazi hakumpandikizii wazo. Watu wengi huvuta pumzi kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na uondoe nyumbani dawa za akiba, sumu ya panya, dawa za shamba na silaha.

Kwenda kwa muganga

Anza na santre ya afya ya mtaa wako. Si kila santre ina mtu aliyefundishwa mambo ya akili, lakini kuna wauguzi waliopita mafunzo yanayofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, ulioandikwa kwa ajili ya waganga wasio wataalamu wa akili. Muulize muuguzi mkuu. Akisema hawezi, muombe karatasi ya kukutuma juu, kwenye hospitali kuu ya zoni ya afya au moja kwa moja kwenye kituo cha akili. Bukavu kipo SOSAME. Goma kipo Tulizo Letu. Lubumbashi kuna kituo kinachobeba jina la daktari Joseph Guislain. Vyote vitatu viko chini ya Mafrere wa Charité, shirika la watawa Wakatoliki. Kuingia lango la SOSAME hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Wengi huonwa, wakapewa siku ya kurudi, wakaenda kulala kwao.

Kabla ya kuondoka nyumbani, tuma mtu au piga simu kuuliza siku za kupokea wagonjwa na bei ya fishi (kadi ya mgonjwa) na ya kuonwa, na kama njia inapitika. Beba karatasi ya majibu tisa, dawa zote unazotumia pamoja na maboksi yake, na daftari la hospitali la zamani.

Kosa linalotokea mara nyingi ni hili. Muganga anauliza "Mama, unaumwa nini?" na mama anajibu "kichwa, mgongo, na moyo unapiga". Anapata parasetamoli na dawa ya malaria, anarudi nyumbani. Hakudanganya, roho inapoumia, kichwa na mgongo huuma kweli. Lakini muganga ana wagonjwa 40 nje. Anza upande mwingine: "Muganga, wiki tatu sasa silali, sina hamu ya kitu, na kuna siku natamani nife. Nilijibu maswali haya, nimepata 13. Kichwa pia kinauma." Mpe karatasi. Ukiona aibu kusema, mwache asome. Kama chumba kina watu, sema: "Naomba tuongee wawili tu."

Atakuuliza mengi: usingizi, pombe, vifo, ndoa, kama umewahi kuugua hivi, kama kuna mtu wa ukoo aliyejiua. Anaweza kuagiza damu ipimwe. Akikuandikia vidonge bila kuuliza lolote, una haki ya kusema: "Naomba unieleze ni dawa ya nini na nitaitumia muda gani."

Utakachopewa

Kwa jumla ya 5 hadi 9, swali la 9 likiwa na alama 0, mara nyingi hakuna dawa. Punguza pombe, tembea nusu saa kila siku, rudisha jambo moja ulilokuwa unalipenda hata kama huna hamu, kisha pima tena baada ya wiki mbili. Hamu huwa inafuata nyuma ya kitendo, kwa hiyo usiingoje.

Zaidi ya hapo kuna maongezi ya matibabu, na hayo yamejaribiwa hapa hapa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulifanyika kwenye vijiji vya mashariki mwa Kongo na wanawake waliobakwa. Vikundi vya matibabu viliongozwa na wasaidizi Wakongo waliofundishwa na kusimamiwa, wala hawakuwa madaktari. Waliokaa kwenye vikundi hivyo walipona huzuni na hofu kuliko waliopewa usaidizi wa mtu mmoja mmoja tu. Ukipewa nafasi kwenye kikundi, usikidharau kwa kuwa anayekiongoza hana koti jeupe.

Dawa zinazoandikwa sana ni fluoksetini, kwa kawaida miligramu 20 asubuhi, na amitriptilini, inayoanzwa kwa kidogo usiku. Ya pili hukausha mdomo, hufunga tumbo na huleta usingizi. Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, wakati madhara huanza siku za kwanza, na ndiyo sababu watu wengi huziacha siku ya sita wakisema hazifai. Ukipona, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa taratibu kwa kuelekezwa na muganga. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja inaua, kwa hiyo mtu wa nyumbani ndiye aitunze, akupe ya siku moja moja.

Usijinunulie Valium kwenye farmasi ili ulale. Haitibu depresio, na baada ya wiki chache mwili unaidai.

Pima tena, si kila siku

Kipimo kinauliza wiki 2, kwa hiyo kukirudia keshoyake ni kujisumbua. Kirudie kila baada ya wiki 2 hadi 4, siku ile ile ya juma, kwa lugha ile ile, na uandike tarehe. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya kweli. Kushuka hadi nusu ya namba ya kwanza kunaonyesha matibabu yanashika. Chini ya 5 ndiyo shabaha. Ikiwa wiki 6 zimepita kwa dawa iliyomezwa kila siku na namba haijasogea, rudi na karatasi zote, ya kwanza juu, na umwombe muganga aangalie upya dozi, dawa yenyewe, au kama ugonjwa ni huo kweli.